Mapumziko Kando ya Maji: Kutoka Kasenga Mpaka Mpala

Kuna watu ambao wakipata siku za kupumzika hawakai nyumbani. Huchukua sanduku, wakapanda treni au motokari, wakaenda polepole kando ya bahari, wakitazama makanisa ya kale, madaraja ya kale na kuta za ngome zilizojengwa na wafalme waliokufa zamani. Kwa safari za namna hiyo Ufaransa inapendwa kuliko nchi nyingi. Watu huanzia Bayonne, mahali mito miwili inapokutana karibu na bahari, wakapanda mpaka Nantes penye mto Loire, au wakageukia upande wa pili mpaka Marseille, ambako Bikira Maria anawaangalia mabaharia kutoka juu ya mlima wake.

Sisi wa Kasenga hatuna njia ya kwenda huko, wala feza ya kwendea. Lakini maji tunayo, na mahali pa kale tunapo. Tena miji ile ya Ufaransa ilikwisha kuja kwetu yenyewe, kwa maana watu waliozaliwa humo walikuja kuishi na kufa kando ya maziwa yetu. Basi siku za konje, kiangazi kilipotulia, tulishika safari bila haraka, kutoka gati la Kasenga mpaka Mpala kwenye Ziwa Tanganika. Tunataka kuwasimulia tuliyoyaona, na zaidi yale yaliyopita pale kabla yetu.

Kasenga iko ukingo wa kushoto wa Luapula, zaidi ya kilometa 200 kutoka Lubumbashi. Ng'ambo ni Zambia. Ukipanda mto kwenda kusini utakuta maporomoko ya Mambilima, ambayo Waingereza waliyapa jina la Johnston, na hapo chombo hakipiti. Lakini kushuka mpaka Ziwa Mweru mto ni mpana na mpole. Kwa sababu hiyo Kasenga ikawa bandari. Mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na wafanyakazi wa migodi walihitaji kitoweo. Wagiriki waliotoka visiwa vya kwao, watu waliojua bahari tangu utoto, wakaona faida. Wakaunda mashua hapa hapa Kasenga, wakaleta barafu, na makamyo yakapeleka samaki usiku kucha mpaka mjini.

Samaki aliyewatajirisha alikuwa mpumbu. Mvua za kwanza ziliponyesha, mpumbu alipanda Luapula kwa makundi makubwa ili atage, na watu wakamngoja na nyavu zao, wakamtoa majini akiwa na mayai yake tumboni. Walifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Karibu na mwaka 1950 mpumbu alikuwa amekwisha kuwa adimu, na mpaka leo hajarudi kama zamani. Wagiriki nao wamekwenda zao. Yamebaki majumba machache, na wazee wanaokumbuka harufu ya bandari ile.

Ukishuka mto, upande wa kulia, ndani ya bonde, ndiko kwenye enzi ya Mwata Kazembe. Walunda hawa walitoka magharibi kwa Mwata Yamvo, wakatawala Luapula katika karne ya 18, na sifa yao ikafika mpaka kwa Wareno wa bahari zote mbili. Mwaka 1798 Mreno aitwaye Lacerda alitoka Tete na msafara mkubwa ili atafute njia ya kuvuka Afrika. Alifika katika nchi ya Kazembe akiwa mgonjwa, na mwezi wa Oktoba akafa. Aliyeshika uongozi wa msafara baada yake alikuwa padri wao, Francisco João Pinto. Basi padri alikaa katika bonde letu zaidi ya miaka 80 kabla ya Mapadri Weupe kufika Tanganika! Lakini padri huyo alikuja kama kapelani wa msafara, akarudi na msafara, wala hakuacha kanisa nyuma yake. Mwaka 1806 walifika watu wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, Waafrika waliotumwa na bwana wao. Hao ndio waliovuka nchi kweli, maana walifika Tete mwaka 1811. Vitabu vingi vya shule huanza habari za Luapula na Livingstone, aliyeliona Ziwa Mweru mwezi wa Novemba 1867. Sisi twaona si haki kuwasahau wale wawili waliotembea kwa miguu nusu karne na zaidi mbele yake.

Ziwa Mweru lina urefu wa zaidi ya kilometa 100, na asubuhi bila upepo hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Tulipumzika Kilwa. (Msomaji asiichanganye na Kilwa ya pwani ya Tanzania, yenye msikiti wa kale.) Hapo bukari na samaki wabichi vilituponya uchovu. Lakini hatukuweza kukaa Kilwa kama wasafiri tu. Mwaka 1964 na mwezi wa Oktoba 2004 si sawa: ya kwanza ni habari za baba zetu, ya pili tuliisikia kwa masikio yetu wenyewe. Mwaka ule 2004 waasi wachache waliushika mji, jeshi likaja kuukomboa, na wajumbe wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu zaidi ya 70 waliouawa. Jioni tulisali rozari kwa ajili yao, tukalala.

Mbele ya Kilwa, kando ya ziwa, iko Luanza, misioni ya ndugu zetu Waprotestanti. Mskoti Dan Crawford aliianzisha baada ya kifo cha mfalme Msiri wa Bunkeya, aliyepigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, na alikaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1926. Zamani mwalimu wa dini wa Kikatoliki asingesifu Luanza katika gazeti la Kikatoliki. Tangu Mtaguso wa Vatikano wa Pili twaweza kusema wazi kwamba Crawford alijifunza lugha ya watu kabla ya kuwafundisha, na hilo ni jambo jema.

Pweto ni mwisho wa ziwa, na hapo mto Luvua unatoka kwenda kutafuta Lualaba. Mwezi wa Desemba 2000 vita vilipita hapo, na maelfu ya watu walikimbilia Zambia. Leo soko limejaa tena. Hatukukawia. Tulipanda kamyo, juu ya magunia, tukaelekea milima ya Marungu, ambayo vilele vyake vyapita meta 2000. Juu ya njia hiyo hatutasema mengi. Aliyeipita anaijua, na asiyeipita hataamini.

Upande wa pili wa milima unaliona Tanganika chini yako, refu kama mkono wa bahari. Bandari ni Moba. Misioni iko juu kidogo, Kirungu. Mapadri Weupe walipaanzisha mwaka 1893, wakapaita Baudouinville kwa ukumbusho wa mwana wa ukoo wa kifalme wa Ubelgiji aliyekufa kijana. Monsenyeri Victor Roelens, mtu wa Flanders, ndiye aliyekuwa kichwa cha kazi hiyo. Alifika ziwani mwaka 1892, akapewa uaskofu mwaka 1896, akafa hapa hapa mwaka 1947. Alikuwa mtu mkali. Wazee hawafichi hilo. Alitaka shamba lilimwe sawasawa, matofali yachomwe sawasawa, na Kilatini kisomwe sawasawa.

Hicho Kilatini ndicho kilichozaa tunda kubwa. Kijana mmoja wa Marungu, Stefano Kaoze, aliingia seminari ndogo, akapita madarasa yote, akakaa miaka mingi katika masomo ambayo Wazungu wengi walisema hayawezekani kwa Mwafrika. Tarehe 21 Julai 1917 Monsenyeri Roelens alimwekea mikono hapa Baudouinville, naye akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi zetu. Tunasema nyakati hizi, kwa maana katika ufalme wa Kongo wa zamani walikuwako mapadri, hata askofu, Henrique mwana wa mfalme Afonso, katika karne ya 16. Tena Kaoze kabla hajapata upadri alikuwa amekwisha kuandika. Maandishi yake juu ya roho na fikira za Wabantu yalitolewa Ubelgiji miaka ya 1910 na 1911. Alifariki mwaka 1951. Sisi tuliosoma seminari, wale waliofika altareni na wale ambao Mungu aliwaongoza njia nyingine, sote tulipita mlango alioufungua yeye.

Kutoka Moba tulichukua mashua kwenda kaskazini, tukashuka Mpala, mahali mto Lufuko unapoingia ziwani.

Mpala ni mahali padogo. Mtu asiyejua habari zake angeona kanisa, miembe, mitumbwi iliyolala mchangani na watoto wanaooga, akapita. Lakini hapa historia imelundikana kama kuni. Mwezi wa Mei 1883 askari Mbelgiji, Luteni Émile Storms, alijenga boma hapa kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Ndani ya milima alikuwako mtemi Lusinga, mwenye nguvu, aliyekuwa akiteka watu na kuwauza. Storms na Lusinga hawakuweza kukaa nchi moja. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walikipanda kijiji cha Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa. Storms alikichukua kichwa hicho Ulaya, pamoja na vichwa vya watemi wengine wawili. Fuvu la Lusinga likawekwa katika nyumba za makumbusho za Ubelgiji kama kitu cha kupimwa na wataalamu. Sanamu ya Storms ilisimama katika uwanja mmoja wa Brussels miaka mingi. Mwaka 2022 iliondolewa.

Mwaka 1885 chama cha Leopold kiliwaachia Mapadri Weupe boma lile. Basi Misa takatifu ikaanza kusomwa mahali ambapo miezi michache tu nyuma silaha zilikuwa zikitengenezwa kwa vita ile. Katika katekisimu ya utoto wetu tulifundishwa kwamba mapadri walifika, watumwa wakafunguliwa, giza likaondoka. Ni kweli kwamba watumwa walifunguliwa. Lakini mtoto wa Marungu anayeuliza, Na kichwa cha babu yetu kiko wapi? hatendi dhambi kwa kuuliza, na mwalimu wa dini asimnyamazishe. Lusinga aliuza watu, na Storms alimkata kichwa. Mambo hayo mawili yote ni ya kweli, na moja halilipi deni la lingine.

Mapadri walikuwa wachache, na biashara ya watumwa ilikuwa bado inawaka pande zote za ziwa. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika nchi ya Burundi, Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao d'Hoop walikuwa wameuawa. Kwa hiyo Kardinali Lavigerie alimtuma Mpala mtu wa kuwalinda, naye alifika mwaka 1887. Huyu ndiye Kapteni Leopold Joubert.

Joubert alizaliwa mwaka 1842 Saint-Herblon, kijiji kilicho karibu na mto Loire, upande wa juu wa Nantes. Hiyo ni nchi ya wakulima na mizabibu, ambayo wapumzikaji wa leo huipita kwa baisikeli wakifuata mto. Lakini ni nchi iliyoona machozi. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1793, wakulima Wakatoliki wa upande ule walichukua silaha, wakashindwa, na huko Nantes mapadri walifungwa na kuzamishwa katika mto Loire usiku. Mtoto wa Saint-Herblon alikua akizisikia habari hizo. Alipokuwa na miaka 18 alikwenda Italia kumpigania Papa, akawa katika vita vya Castelfidardo mwaka 1860, akabaki askari zuavu mpaka Roma ilipotekwa mwaka 1870. Mwaka 1880 alikuja Tanganika mara ya kwanza. Mara ya pili, mwaka 1887, alikuja asirudi tena.

Aliwafundisha vijana wa Mpala kushika bunduki, akajenga kijiji cha Mtakatifu Ludoviko huko Mrumbi, akapigana na makundi ya watekaji mpaka msaada wa Kapteni Jacques ulipofika kutoka Ubelgiji. Mwaka 1888 alifunga ndoa kanisani na binti wa nchi, Agnes Atakaye. Tuangalie jambo hili vizuri. Siku zile Wazungu wengi walichukua wanawake wa kwetu, lakini waliowaoa mbele ya altare na kukaa nao mpaka kufa walikuwa wachache sana. Joubert alizeeka kati ya watu wa mke wake, akalima, akawatunza wagonjwa, akafa tarehe 27 Mei 1927. Miaka arobaini! Waliokuja kumtazama walikuta mzee wa kijiji.

Sasa turudi Nantes, maana hapa ndipo penye neno ambalo wapumzikaji wengi hawalijui. Mji ule ambao Joubert aliukulia jirani, uliokuwa mbali na kwao kilometa arobaini na kitu tu, ndio uliokuwa bandari kubwa ya watumwa ya Ufaransa nzima katika karne ya 18. Majumba mazuri ya mawe yanayotazamwa na wasafiri yalijengwa kwa faida hiyo, na juu ya madirisha ya baadhi yake kumechongwa nyuso za watu, nyingine za Waafrika. Tangu mwaka 2012 Nantes ina mahali pa ukumbusho kando ya Loire. Katika njia ya kutembelea wameweka vibao vya vioo kama 2000 chini ardhini, na vingi vyake vina jina la merikebu ya watumwa na mwaka wake. Mtu akitembea pale anakanyaga majina hayo moja moja. Mto uliozipeleka merikebu zile baharini ndio mto aliouona Joubert akiwa mtoto.

Aliyemtuma, Kardinali Lavigerie, alikuwa mtu wa Bayonne. Alizaliwa mwaka 1825 katika mtaa wa Saint-Esprit, ng'ambo ya mto Adour, ambako Wayahudi waliofukuzwa Hispania na Ureno walipata kukaa, nao walileta ufundi wa chokoleti, ambayo ni sifa ya mji mpaka leo. Mtoto wa afisa wa forodha akawa askofu mkuu wa Algiers, akaanzisha Mapadri Weupe mwaka 1868, na mwaka 1878 akatuma msafara wa kwanza kuelekea maziwa yetu. Tarehe 1 Julai 1888 alipanda mimbari ya kanisa la Saint-Sulpice huko Paris, akawaeleza Wafaransa jinsi watu wa Tanganika walivyokuwa wakifungwa makongwa, wakapelekwa pwani, na mifupa yao ikabaki njiani. Baada ya Paris alikwenda London na Brussels. Wanawake waliosikiliza walilia. Wanasiasa waliosikiliza walifanya mkutano Brussels miaka ya 1889 na 1890, wakaweka sheria dhidi ya biashara ya watumwa. Lakini kwa jina la sheria hizo hizo Leopold alijikaza zaidi katika nchi yetu, na tunajua watu walivyoteswa kwa ajili ya mpira. Lavigerie hakuyaona hayo, maana alifariki mwezi wa Novemba 1892.

Watoto waliokombolewa kwa nguo na shanga ndio waliojaza vijiji vya Mpala na Kirungu. Walifundishwa kusoma, wakaozwa wao kwa wao, wakapewa mashamba. Hawakuulizwa sana kama walitaka kubaki. Kengele iliwaamsha na kengele iliwalaza. Hata hivyo kati yao walitoka walimu wa dini waliokwenda milimani na fimbo na rozari, wakafika mahali ambapo padri alifika mara moja kwa mwaka au asifike kabisa. Majina ya mapadri wa Mpala yamechapwa katika vitabu. Majina ya walimu wale tuliyatafuta kwa wazee, tukapata machache, tukayaandika katika daftari letu.

Mmoja tu sifa yake ilivuka maji yote. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, iko Karema, boma jingine la chama cha Leopold, lililojengwa mwaka 1879 na kupewa mapadri mwaka ule ule wa Mpala. Huko aliishi Adriano Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Lavigerie alikuwa na shauri la kuwasomesha vijana waliokombolewa uganga, wawe waganga na walimu wa dini pamoja, na Atiman alisomea Malta. Alifika Karema mwaka 1889. Aliwatibu watu huko, akafundisha dini, akaoa mke Mkristu, na mwanawe Yosefu akawa padri. Hakuhama tena mpaka kufa mwezi wa Aprili 1956, baada ya miaka 67 katika kituo kimoja.

Hatukuweza kuvuka kwenda Karema. Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa ukivuma, na wavuvi wa Mpala walitwambia wazi kwamba hawatatoa mashua. Hiyo ndiyo taabu ya safari hii kwa yeyote atakayetaka kuifanya: kiangazi barabara ya Marungu yapitika lakini ziwa lina mawimbi; masika ziwa laweza kutulia lakini kamyo litakwama matopeni siku tatu. Sisi twawashauri kiangazi. Chukueni blanketi kwa ajili ya baridi ya milimani, chumvi na sabuni kwa wenyeji watakaowapokea, na msipange siku ya kurudi.